Tarishi wa baiskeli: kupita jijini haraka na kufika mzima

Mtu aliyesimama kituoni humwona tarishi akipenya kati ya mabasi mawili, mkoba mgongoni, naye hushika kifua: huyu anatafuta kufa. Alichokiona kimechukua sekunde mbili. Hakuziona sekunde kumi za kabla yake. Tarishi alikuwa ameshaona kwamba basi la mbele limefungua milango na abiria bado wanapanda, kwa hiyo haliendi popote. Alikuwa ameshamwona dereva wa basi la nyuma akimtazama na kupunguza mwendo. Alikuwa ameshapima pengo na kuona kwamba hata basi moja likisogea kidogo, nafasi inabaki. Alipopita, uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa zamani.

Kazi hii ya kupeleka bahasha na vifurushi kwa baiskeli nimeifanya kwa miaka mingi, na vijana kadhaa nimetembea nao wiki zao za kwanza. Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza. Nitakaa sana kwenye breki na macho, kwa sababu huko ndiko watu wanakoumia, na mengine nitayapita haraka.

Kwanza tuliweke sawa suala la kasi. Nelson Vails alikuwa tarishi wa baiskeli New York kabla ya kuchukua medali ya fedha ya mbio fupi za baiskeli za uwanjani kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na kila anayeisikia habari hiyo huamini kwamba tarishi mzuri ni miguu. Vails alikuwa na miguu, kweli. Ila fanya hesabu ya barabarani: safari ya kilomita 4 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni dakika 8; kwa kilomita 24 kwa saa ni dakika 10. Jasho lote lile limekununulia dakika mbili. Ukifika ukazunguka jengo kutafuta mlango wa kuingilia, dakika hizo umezirudisha na nyingine juu yake. Kwa hiyo mengi ya hapa chini yanahusu kutosimama bila sababu, na kusimama papo hapo sababu inapotokea.

Hatua ya 1: Iandae baiskeli

Baiskeli ya kazi haihitaji urembo. Inahitaji kukutosha kimo, kusimama unapoiambia isimame, na kuwa na vitu vichache vya kuharibika. Ndiyo maana matarishi wengi hupenda baiskeli ya gia moja. Wengine hutumia ile isiyo na frihwili, ambayo pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, na miguu yenyewe huweza kuzuia mwendo. Ukiichagua hiyo, funga breki ya mbele vilevile. Sheria ya Uingereza, kwa mfano, inataka mifumo miwili ya breki, na gurudumu la nyuma lisilo na frihwili linahesabiwa kuwa mmoja tu. Tena weka sheria kando: cheni ikichomoka kwenye baiskeli ya namna hiyo, na breki ya mkono huna, basi huna kitu.

Kimo cha kiti kipime hivi. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini sana goti linauma kwa mbele. Kikiwa juu sana kiuno kinayumba na nyuma ya goti panavuta. Kwa mtu anayekanyaga pedali saa sita au saba kwa siku, sentimita moja ni jambo kubwa.

Tairi za upana wa milimita 28 hadi 32 zinavumilia mashimo bila kukuchelewesha. Upepo ujaze ndani ya viwango vilivyoandikwa ubavuni mwa tairi, na siku ya mvua punguza kidogo, usishuke chini ya kile cha chini kabisa. Usukani usizidi sana upana wa mabega yako. Ukishakuwa na hakika kwamba hakuna kilicho kipana kuliko usukani, si mkoba wala kiwiko, kila pengo unalipima kwa kitu kimoja.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, tumia dakika mbili. Bonyeza tairi zote mbili kwa kidole gumba. Zungusha magurudumu uone kama rimu, ile ringi inayoshika tairi, inagusa raba za breki. Shika breki ya mbele kwa nguvu na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga shingoni mwa baiskeli, pale usukani unapoingia kwenye fremu, pamelegea, kaza. Mwisho, inyanyue kama sentimita tano uiachie idunde. Baiskeli iliyo sawa hutoa mdundo mmoja mzito. Ikilialia kama sufuria zinazogongana, kuna kitu kimefunguka, na kitafute kabla hakijakutafuta njiani.

Cheni ipime kwa rula kila baada ya wiki chache. Pini zake ziko nusu inchi moja hadi nyingine, kwa hiyo kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12, yaani milimita 305 kasoro kidogo. Zikifika milimita 306 na nusu, cheni imerefuka. Nunua mpya, maana hiyo ya zamani itakula meno na utabadilisha vyote kwa pamoja.

Hatua ya 2: Panga mkoba

Kizito kiwe chini na kiguse mgongo. Utakachotoa mwisho ndicho cha kuingiza kwanza. Mkoba wa mkanda mmoja uwe na mkanda mwingine mdogo wa kuushikilia kifuani au kwapani, la sivyo ukigeuka kutazama nyuma mkoba wote unaruka mbele na kukusukuma kando, kwenye sekunde ileile uliyohitaji kunyooka.

Karatasi zote zitie kwenye mfuko wa plastiki, hata mbingu iwe nyeupe. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba hati za kampuni moja kwenye mkoba nilioambiwa hauingizi maji. Mvua ilinyesha robo saa. Aliyezipokea alizishika kwa vidole viwili, akazitandaza mezani moja moja huku wino unateremka, na hakunifokea. Alikaa kimya tu, akafuta meza. Bado naiona ile meza. Tangu siku hiyo sijawahi kutoka bila mifuko mitatu ya akiba.

Hatua ya 3: Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kukimbia

Tafuta uwanja mtupu au sehemu ya kuegesha magari siku ambayo haina watu. Chukua chaki, chora mstari. Njoo kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na gurudumu la mbele likigusa mstari, piga breki. Pima ulikosimama. Rudia mara kumi kwa breki ya nyuma peke yake, kumi kwa ya mbele peke yake, kumi kwa zote.

Utaona kwamba breki ya nyuma peke yake inakupeleka mbali, karibu mara mbili, na tairi inaserereka. Sababu ni kwamba unaposimama ghafla uzito wote unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na halishiki ardhi. Breki ya kukuokoa ni ya mbele, ile ambayo wengi wamefundishwa kuiogopa. Wanaiogopa kwa sababu wanainyakua. Wewe ikamue: anza taratibu, zidisha, huku mikono imekaza na makalio umeyasukuma nyuma ya kiti. Ukiona gurudumu la nyuma linaanza kuelea, legeza kidogo. Baada ya wiki mbili vidole vitajua vyenyewe.

Sasa weka namba hii kichwani. Kwa kilomita 25 kwa saa unakwenda mita 7 kila sekunde. Tangu macho yaone hadi vidole vikamue hupita kama sekunde moja, hizo ni mita 7 umekwenda bila kufanya lolote. Kisha mita 6 hivi za breki kwenye lami kavu. Jumla 13, karibu urefu wa magari madogo matatu yaliyoegeshwa kwa mstari. Kila unapokimbia, yaone magari matatu mbele yako. Kama huoni umbali huo, kwa sababu ya kona au ya lori lililosimama, punguza mwendo mpaka uone. Namba hiyo pia inakuonyesha njia rahisi ya kufupisha: vidole vikiwa tayari juu ya breki, na akili ikiwa tayari inamshuku mtu fulani, ile sekunde ya kwanza inakatika nusu.

Mvua ikinyesha, breki zinazobana rimu huteleza mpaka zifute maji, na hilo linachukua mzunguko mzima wa gurudumu au zaidi. Ziguse mapema, kabla hujazihitaji. Mvua ya kwanza baada ya ukame ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mafuta ya magari yaliyolala barabarani siku nyingi yanaelea juu ya maji. Mistari ya rangi, mifuniko ya chuma ya chemba na majani yaliyoanguka, vyote vihesabu kuwa sabuni: vipite baiskeli ikiwa wima, usipige breki juu yake wala kukata kona.

Hatua ya 4: Soma barabara

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Macho ya tarishi hayakai mahali pamoja. Yanakwenda mbali hadi taa zinazofuata, yanarudi katikati kwenye magari ya mbele, yanashuka karibu kwenye lami, yanapita begani nyuma, yanarudi mbali. Mwanzoni utachoka kichwa kabla ya miguu. Hiyo ni dalili nzuri.

*Tairi na vichwa.* Usiamini taa ya kukatia kona. Madereva huisahau ikiwa haijawaka, na huisahau ikiwa imewaka. Tazama tairi ya mbele ya gari, kwa sababu gari haliwezi kukata kona kabla tairi haijageuka, na tairi hugeuka sehemu ya sekunde kabla ya bodi. Tazama pia kichwa cha dereva. Kichwa kinageuka kuelekea mahali gari linakotaka kwenda. Kilichoinama kwenye simu hakioni chochote.

*Milango.* Mlango wa gari uliofunguka unakuja nje kama mita moja. Kaa mita moja na nusu kutoka kwa magari yaliyoegeshwa, na pasipo nafasi hiyo nenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mwezi wangu wa pili teksi ilisimama mbele yangu. Niliona taa zake za breki zikizimika. Niliona abiria wa nyuma ameinama, mkono kwenye pochi, analipa. Kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu, nami nikajiambia atasubiri nipite. Mlango ulinipiga kwenye vidole vya mkono, nikaenda chini, na jambo ninalolikumbuka zaidi ni gurudumu la gari la nyuma likija na kusimama, na vijiwe vidogo vilivyonasa kwenye mistari ya tairi yake, naviona kimoja kimoja. Mfupa wa mkono ulipona kwa wiki sita. Kwa hiyo ninapokuambia soma, nina maana kwamba ukishaona, ufanye kile ulichokiona kinakutaka ufanye.

*Malori na mabasi.* Gari refu linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata ndani zaidi. Nafasi uliyoiona kati ya lori na ukingo wa barabara inaminywa mpaka inakwisha, na wewe umo. Kwenye makutano usikae kamwe ubavuni mwa lori, upande ambao linaweza kukatia. Kaa nyuma yake, uvute hewa ya moshi, usubiri. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, yeye hawezi kukuona. Na hata ukiuona, huenda anatazama pengine. Nimewahi kuwaona matarishi wenye miaka kumi ya kazi wakisubiri nyuma ya lori kwenye taa huku kila mtu anawapita, na hawa ndio ninaowaita jasiri.

*Pengo lisilo na sababu.* Foleni imeganda, magari yamebanana, halafu ghafla kuna nafasi ya gari zima mbele ya mmoja. Usiikimbilie. Dereva yule amemwachia mtu: gari linalotoka kichochoroni, au mama anayevuka na mtoto, nao watatokea mbele yako wakiwa na uhakika kwamba wameruhusiwa. Vivyo hivyo basi lililosimama: mtu atavuka mbele yake, na hutamwona mpaka ametoka.

*Watembea kwa miguu.* Wao wana haki kuliko wewe, na wanasikiliza kwa masikio zaidi ya kutazama; baiskeli haina mlio. Pita nyuma ya mtu anayevuka, usipite mbele yake, kwa sababu mtu akishtuka hurudi nyuma mara chache kuliko anavyosimama au kuendelea. Ila mpe nafasi pana ili hata akirudi usimguse. Paza sauti mapema, usipige kelele dakika ya mwisho. Heshima hii ina historia ngumu. Mwaka 1987 meya wa New York, Ed Koch, alitaka baiskeli zisipite kwenye Fifth Avenue, Madison na Park katikati ya Manhattan saa za kazi, na malalamiko ya watu waliotishwa na matarishi ndiyo yaliyompa nguvu. Matarishi waliandamana kwa baiskeli zao, na mahakama ikalitengua katazo hilo kwa sababu halikutangazwa kama utaratibu ulivyotaka. Walishinda, lakini walikuwa wamekaribia kupoteza mitaa iliyowalisha.

*Kukaa katikati ya njia.* Anayeanza hujibanza ukingoni kwa hofu. Ukingoni kuna vioo vilivyovunjika, mitaro, milango, na madereva wanaojaribu kukupita pasipo na nafasi kwa sababu umewaonyesha kwamba ipo. Pale njia inapokuwa nyembamba, au unapokaribia makutano, tazama nyuma, onyesha kwa mkono, kaa katikati. Dereva atakuona kama anavyoliona gari. Atapiga honi pengine. Honi maana yake ameshakuona. Njia ikipanuka, mpishe.

*Mashimo na reli.* Baiskeli hufuata macho. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni. Ukishaliona, hamishia macho kwenye lami safi kando yake. Reli za tramu au za treni zivuke kwa kuzikata kama msalaba, karibu pembe mraba; ukizivuka kwa mshazari tairi huingia kwenye ufa na usukani unakataa kugeuka.

Kutazama nyuma ni ufundi unaohitaji zoezi lake. Ukigeuza kichwa, mkono hufuata na baiskeli inayumba. Rudi kwenye ule uwanja wako mtupu, fuata mstari uliochorwa, na umwombe rafiki asimame nyuma aonyeshe idadi ya vidole. Ukiweza kutaja idadi bila kutoka kwenye mstari, pande zote mbili, uko tayari.

Hatua ya 5: Kusimama bila kushusha mguu

Hili watu hudhani ni mbwembwe. Faida yake ni kwamba taa ikigeuka kijani wewe umekaa tayari, miguu juu ya pedali, na unatoka kwenye makutano kabla magari hayajaanza kukubana.

Jifunze kwenye mwinuko mdogo sana. Nenda polepole, pedali zote mbili ziwe sawa na ardhi, mguu wenye nguvu mbele. Geuza gurudumu la mbele kuelekea upande wa juu wa mwinuko, upande uleule wa mguu wa mbele. Simama juu ya pedali, usikae. Sasa kanyaga kidogo kidogo: ukikanyaga baiskeli inapanda kidogo, ukilegeza mwinuko unairudisha. Mwendo wote hauzidi upana wa kiganja. Macho yatazame mita tatu mbele, siyo gurudumu. Dakika kumi kwa siku, na ndani ya mwezi utasimama taa nzima. Ukihisi unaanguka, shusha mguu mapema.

Hatua ya 6: Weka jiji kichwani

Simu inakuonyesha njia. Haikuonyeshi kwamba lifti ya jengo fulani ni moja na watu hujazana saa sita, au kwamba mtaa ule una taa nne zinazopokezana kijani ukienda kwa mwendo wa kati, na nyekundu zote ukikimbia. Beba daftari dogo. Kila jengo jipya andika mambo manne: mlango gani, nani anapokea, ghorofa ya ngapi, na mahali pa kufungia baiskeli. Baada ya miezi mitatu hutalifungua tena, limeshahamia kichwani. Jifunze pia namba za nyumba zinavyokwenda: katika miji mingi namba shufwa ziko upande mmoja na witiri upande wa pili, na ukijua zinaanzia wapi huhitaji kuvuka barabara mara mbili.

Ukiwa na mizigo mitano mkononi, kazi ni kupanga. Usiipange kwa ukaribu. Uliza kwanza: upi una saa ya mwisho? Ofisi ipi inafungwa mapema? Upi utanilazimu kusubiri sahihi? Ule wa kusubiri ukiuweka katikati ya siku ya foleni, mingine yote inachelewa nyuma yake. Kisha chora duara kichwani, usiende na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Wenye kazi yao wanalijua hili: katika mashindano ya dunia ya matarishi, yaliyoanza Berlin mwaka 1993, washindani hupewa orodha ya mizigo ya kuchukua na kupeleka, na mwenye miguu mizito lakini mpango mzuri huwapita wenye mbio.

Kazi mpya ikiingia ukiwa njiani, simama pembeni ndipo uisome. Usisome simu ukiwa juu ya pedali.

Hatua ya 7: Mlangoni

Dakika nyingi zinapotea hapa kuliko barabarani. Funga baiskeli kila mara, hata kama unasema ni sekunde thelathini. Kufuli ya chuma yenye umbo la U ipitishe kwenye gurudumu la nyuma na fremu kwa pamoja, kisha kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini. Kabla ya kufunga, itikise ile nguzo uone kama imesimama kweli, na utazame juu: nguzo fupi isiyo na kitu kileleni, mwizi huinyanyua baiskeli na kufuli yake akaenda zake. Ufunguo uwe mahali pamoja siku zote, mkono uuchukue bila kufikiri.

Toa bahasha mkobani ukiwa bado nje, ukiwa na jina la mpokeaji mdomoni. Msalimie mlinzi kwanza, halafu mpokezi. Si maigizo. Mlinzi anayekujua anakufungulia mlango wa nyuma siku ya mvua, na mpokezi anayekujua anakuambia kwamba aliyetajwa kwenye bahasha alihama ghorofa mwezi uliopita. Pata sahihi, soma jina lililoandikwa, andika saa. Ukitoka bila sahihi, mzigo haujafika.

Hatua ya 8: Pancha

Beba tyubu moja nzima, pampu, vijiti viwili vya kubandulia tairi, na spana ya nati zako. Kiraka utabandika nyumbani. Barabarani badilisha tyubu.

Toa gurudumu, bandua upande mmoja wa tairi, vuta tyubu. Sasa fanya lile ambalo wenye haraka huliruka: pitisha vidole ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Mara nyingi utagusa ncha ya kioo ndogo kama punje ya mchanga, au uzi mmoja wa waya. Ikung'oe. Usipoikuta, tyubu mpya itatoboka kabla hujafika kona inayofuata, na sasa huna nyingine. Kama tundu la tyubu liko upande wa ndani, ulioegemea rimu, tatizo si kioo. Kichwa cha spoki kimejitokeza au utepe wa rimu umesogea. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake uligonga ukingo wa shimo na upepo ulikuwa mdogo.

Jaza tyubu upepo kidogo kabla ya kuirudisha, ili isijikunje. Rudisha tairi kwa mikono, umalizie karibu na vali. Ukizoea ni dakika saba. Pigia anayegawa kazi kabla hujaanza, umwambie. Mzigo wa haraka anaweza kumpa mwingine.

Hatua ya 9: Uchunge mwili

Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijaja. Kula kidogo mara nyingi. Glavu zivae hata kwenye joto, maana ukianguka viganja ndivyo vinavyotangulia, na kofia ngumu haijadiliwi. Taa zako ziwashe mara jua linapoanza kupungua, usingoje giza.

Saa ya hatari si asubuhi yenye foleni kubwa. Ni ile saa ya mwisho, umechoka, umebakiza mzigo mmoja, na mtaa unaupita kwa mara ya sita leo. Hapo macho yanaacha kuzunguka yanakaa mbele tu. Nikijikamata nimepita makutano bila kukumbuka niliangalia upande gani, nashuka. Natembea nikiisukuma baiskeli mpaka mwisho wa mtaa, nakunywa maji, napanda tena. Wateja wangu hawajawahi kulalamikia dakika mbili hizo.

Ukifika nyumbani, futa cheni kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la mafuta kwa kila pini, futa tena yaliyozidi. Toa ile tyubu iliyotoboka, izamishe kwenye beseni la maji utafute mapovu, ikaushe, ipige msasa, bandika kiraka, ubane kwa kidole gumba ukihesabu hadi sitini. Ikunje, ifunge kwa mpira, irudishe kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba kabla hujalala.